CFA au CPA kwa anayeitaka benki ya uwekezaji: angalia kiti kwanza, mtihani baadaye

Kila msimu wa mahafali swali ni lilelile: nikifanya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, nitapata kazi benki ya uwekezaji? Inategemea kiti. Vipo viti ambavyo CFA ni nusu ya mlango. Vipo ambavyo haikuongezei kitu ila uchovu. Na kile kiti ambacho wengi wanakiota, cha kupanga ununuzi wa makampuni na kuuza hisa kwa umma, kwa hapa kwetu CPA, cheti cha uhasibu, hukifungua haraka zaidi kuliko CFA. Nitaeleza kwa nini, kwa hesabu, si kwa hisia.

Tuanze na jina lenyewe, maana linachanganya. Kenya benki ya uwekezaji ni leseni maalumu, na mamlaka ya masoko ya mitaji, CMA, inataka mtaji uliolipwa wa Sh milioni 250. Tanzania kazi hizo hizo hufanywa na makampuni ya udalali wa hisa yenye leseni ya ushauri wa uwekezaji pia, na vitengo vilivyomo ndani ya benki kubwa za biashara na makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu. Ukiingia ndani ya nyumba hizi utakuta watu wa aina nne. Madalali wanaonunua na kuuza kwa niaba ya wateja. Watafiti wanaoandika ripoti za hisa na hatifungani. Wasimamizi wa mifuko, mara nyingi chini ya leseni yao. Halafu washauri wa miamala, wale wanaomshauri mwenye kampuni auze kwa bei gani, kwa nani, lini, na karatasi zipi zipelekwe wapi. Mtu akisema “benki ya uwekezaji” kwa maana ya Wall Street, anawasema hawa wa mwisho.

CFA ilibuniwa kwa ajili ya wawili wa katikati. Historia yake yenyewe inasema hivyo: mtihani wa kwanza, Juni 1963 huko Marekani na Kanada, uliwekwa kwa ajili ya wachambuzi wa dhamana, na waliofanya walikuwa 284. Hadi leo ukiangalia uzito wa mada katika ngazi ya kwanza, maadili yana asilimia 15 hadi 20, taarifa za fedha 11 hadi 14, hisa 11 hadi 14, hatifungani 11 hadi 14. Mada inayohusu fedha za kampuni kwa ndani, ambayo ndiyo mkate wa mshauri wa miamala, ina asilimia 6 hadi 9. Muunganiko na ununuzi wa makampuni unaguswa ngazi ya pili, kama kipande cha mada ya marekebisho ya muundo wa kampuni. Miezi sita ya kukesha, halafu kazi yako yenyewe imepewa kona.

Marekani kwenyewe mstari huu umechorwa kisheria kabisa. Anayefanya kazi ya ushauri wa miamala anatakiwa kufaulu mitihani ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa dhamana huko: SIE, ambao ni wa msingi, kisha Series 79 yenye maswali 75, na kwa kawaida Series 63 ya sheria za majimbo. Series 79 huwezi kuifanya bila kampuni iliyokuajiri kukudhamini. Sasa angalia: mwenye kufaulu ngazi ya kwanza na ya pili za CFA anasamehewa Series 86, mtihani wa watafiti wa hisa. Series 79 hasamehewi. Wenye soko wenyewe wamekwambia cheti hiki kinaelekea wapi.

Mshauri wa miamala anashinda akifanya nini?

Mwaka 2024 Amsons ya Tanzania ilitoa ofa ya kununua Bamburi Cement ya Kenya kwa Sh65 kwa kila hisa. Hisa zote ni takriban milioni 363, kwa hiyo ofa nzima ilikuwa karibu Sh bilioni 23.6. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kinachobaki baada ya kuzidisha ndicho kinacholipiwa: waraka wa ofa kwa wanahisa, ushahidi kwamba fedha zipo, maoni ya mshauri huru kwa bodi kuhusu uhalali wa bei, vibali vya msimamizi wa soko na vya mamlaka za ushindani, na mpango wa nini kifanyike akitokea mshindani. Na alitokea. Savannah Clinker akaja na Sh70 katikati ya safari, kabla ya kujitoa. Wiki kama hiyo mchambuzi mdogo hafanyi nadharia ya mkusanyiko wa uwekezaji. Anarekebisha majedwali usiku, anasoma kanuni za ununuzi wa makampuni kifungu kwa kifungu, na anahakikisha namba ya ukurasa wa 14 inalingana na ya ukurasa wa 62.

Mfano mwingine, wa upande wa Tanga. Oktoba 2021 Scancem, kampuni tanzu ya HeidelbergCement na tayari mwenye hisa nyingi za Twiga Cement, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement. Tume ya Ushindani ikatoa kibali. Septemba 2022 Baraza la Ushindani likakibatilisha, hoja kubwa ikiwa kwamba kampuni hizo zikiungana sehemu yao ya soko ingevuka asilimia 35, kiwango ambacho sheria ya ushindani ya 2003 ilikitumia wakati huo kupima nguvu ya soko. Hakuna aliyeshindwa kukokotoa thamani. Muamala ulikwama kwenye sheria. Kwenye CFA huisomi hiyo, na CPA inaigusa kwa mbali tu. Utaikuta kwa kusoma sheria yenyewe, na ni jambo la jioni mbili.

Mahali CFA inapookoa fedha

Sitaki kuonekana nimekipiga teke cheti chenyewe. Kuna kosa moja ambalo aliyesoma CFA vizuri halifanyi, na asiyesoma hulifanya hata akiwa na miaka mitano kazini.

Chukulia kampuni ya vinywaji ya Dar es Salaam yenye mtiririko huru wa fedha wa TSh bilioni 10 kwa mwaka, unaotarajiwa kukua kwa asilimia 5. Unatafuta thamani yake kwa kugawa mtiririko wa mwaka ujao kwa tofauti kati ya gharama ya mtaji na ukuaji. Mchambuzi anafungua intaneti, anachukua riba ya hatifungani ya Serikali ya Marekani, anaongeza malipo ya hatari, anapata gharama ya mtaji ya asilimia 11. Bilioni 10.5 kugawa kwa 0.06: bilioni 175. Anafurahi, anaweka kwenye wasilisho.

Tatizo ni kwamba asilimia 11 ile ni ya dola, na bilioni 10 zile ni za shilingi. Hatifungani ya Serikali ya Tanzania ya miaka 25 ilikuwa ikilipa riba ya asilimia 15.95 ilipoanza 2021, na hata baada ya Benki Kuu kuishusha mwaka uliofuata ilibaki asilimia 12.56. Yaani kuikopesha Serikali tu, bila hatari ya biashara, kulilipa zaidi ya gharama nzima ya mtaji aliyoitumia bwana huyu. Ukipandisha hadi asilimia 17, ambayo kwa shilingi haina maajabu, inakuwa bilioni 10.5 kugawa kwa 0.12: bilioni 87.5. Nusu kamili ya ile ya kwanza.

Mtiririko na kiwango cha punguzo, yaani ile gharama ya mtaji, lazima viwe sarafu moja, na vyote viwe na mfumuko wa bei au vyote visiwe nao. CFA inakupiga na kanuni hiyo kuanzia ngazi ya kwanza mpaka unaota nayo. CPA inaifundisha, lakini kwa kupita. Ukikaa kwenye kiti cha utafiti wa hisa au cha kusimamia mfuko, makosa ya namna hii ndiyo yanayokula fedha za watu, na ndiyo maana hapo cheti kina heshima yake. Anayetafuta kazi kwenye kampuni ya kusimamia mifuko Nairobi, au kwenye kitengo cha uwekezaji cha mfuko wa pensheni au kampuni ya bima, mimi simshauri aiache CFA. Huko karibu kila mwenzake anayo au anaisoma.

Mahali CPA inapookoa fedha

Sasa njoo kwenye muamala wenyewe. Chukulia kampuni ya usambazaji ya familia inayouzwa. Faida yake kabla ya riba, kodi na uchakavu, hii tunayoiita EBITDA, ni TSh bilioni 6. Pande mbili zimekubaliana bei ni mara 7 ya hiyo, kwa hiyo biashara ina thamani ya bilioni 42. Mkopo wa benki ni bilioni 11, fedha taslimu bilioni 3. Toa deni, ongeza taslimu: wenye hisa wanapata bilioni 34. Watu wanapeana mikono.

Halafu mtu anasoma maelezo ya nyuma ya taarifa za fedha, zile kurasa ambazo wengi huzipita kama matangazo ya vifo ya gazeti la juzi. Chini ya “wadai wengine” kuna bilioni 2.5 ambazo mkurugenzi aliikopesha kampuni yake na anazitaka. Kwenye maelezo ya madeni yanayoweza kutokea kuna madai ya TRA ya bilioni 1.8 yanayobishaniwa. Michango ya wafanyakazi NSSF iliyolimbikizwa ni milioni 500. Na kuna dhima ya pango la maghala, bilioni 1.2. Hii ya mwisho ndiyo inayowatega wengi. Tangu Januari 2019, chini ya IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa pango, kodi ya pango haionekani tena kama gharama ya uendeshaji. Imegeuka uchakavu na riba, vitu ambavyo EBITDA haivihesabu. Kwa hiyo EBITDA ya bilioni 6 tayari imenenepa kwa sababu pango limeondolewa. Ukiizidisha mara 7 halafu usiihesabu dhima ya pango kama deni, muuzaji amelipwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Jumlisha: 2.5 na 1.8 na 0.5 na 1.2 ni bilioni 6. Wenye hisa hawapati 34, wanapata 28. Na kumbuka wiki tatu zote walizobishana kama kizidisho kiwe 6.5 au 7, nusu hiyo ilikuwa na thamani ya bilioni 3 tu. Bilioni 6 zilikuwa zimelala kwenye maelezo ya nyuma zikisubiri mtu wa hesabu.

(Muuzaji naye ana wakili na mhasibu wake. Atasema marejesho ya VAT ambayo TRA haijalipa yahesabiwe kama taslimu. Mnunuzi atasema yahesabiwe yakishaingia benki. Hapo mtakunywa chai nyingi.)

Ipo na kodi ya muamala wenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, kifungu cha 56, inasema umiliki wa kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganisha na miaka mitatu ya nyuma, kampuni yenyewe inahesabiwa kana kwamba imeuza mali na madeni yake yote. Mnunuzi asiyejua anadhani kodi ni ya muuzaji na imekwisha. Kumbe amenunua kampuni iliyozaliwa na bili. Aliyepita NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, au aliyekaa ukaguzi miaka mitatu anakijua kifungu hiki kabla hujamaliza sentensi. Aliyesoma CFA peke yake, vitabu vyake havikuandikwa na mtu anayeijua TRA.

Ndiyo sababu ukiuliza watu wa vitengo vya miamala Dar na Nairobi walitokea wapi, utasikia “nilikuwa ukaguzi” mara nyingi kuliko jibu lingine. Njia yenyewe ni ya kawaida: shahada, miaka miwili mitatu kwenye kampuni kubwa ya ukaguzi huku CPA ikimaliziwa, kuhamia kitengo cha kuchunguza makampuni yanayonunuliwa ndani ya kampuni hiyohiyo, na kutoka hapo kwenda benki au mfuko wa uwekezaji. ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, inafanya kazi ileile, ikiwa na faida ya kutambulika ukivuka mpaka, na hasara ya kulipia kwa pauni.

Kuna CIFA pia, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji cha kasneb, bodi ya mitihani ya Kenya, na Wakenya wanauliza sana kuihusu. Inaiga mada za CFA kwa kiasi kikubwa, unalipia kwa shilingi, na tangu sheria ya 2015 ina taasisi yake ya kusimamia wanachama, ICIFA. Kwa anayejua atabaki Kenya upande wa utafiti au mifuko, si chaguo baya. Ukivuka Namanga, andaa maelezo.

Leseni si cheti

Watu huvichanganya hivi viwili halafu wanashangaa. CFA wala CPA haikupi ruhusa ya kumshauri mteja kununua hisa. Ruhusa inatoka kwa msimamizi wa soko. Tanzania, chini ya sheria ya masoko ya mitaji ya 1994, dalali, mshauri wa uwekezaji na wawakilishi wao wanatakiwa kuwa na leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, na CMSA huendesha kozi ya cheti cha sekta ya dhamana kwa kushirikiana na CISI, taasisi ya watu wa dhamana na uwekezaji ya Uingereza. Ni kozi fupi, bei yake hailinganishwi na ngazi hata moja ya CFA, na mwajiri akikuona unayo anajua utaweza kuanza kazi bila kusubiri. Mhitimu asiye na kazi, mwenye fedha za kitu kimoja tu, na anayetaka nyumba ya udalali: aanzie hapo. Naona ajabu jinsi ushauri huu usivyotolewa vyuoni.

Gharama, kwa uwazi

Ada ya CFA kwa ngazi moja inacheza kwenye dola elfu moja na zaidi kidogo kwa anayejisajili mapema, na inapanda mamia ya dola ukichelewa. Kuna ufadhili wa taasisi ya CFA uitwao Access unaoshusha ada sana, na unaombwa kabla ya kujisajili, si baada. Ukishalipa hawarudishi tofauti. Ngazi ni tatu. Taasisi yenyewe inasema mtahiniwa ategemee saa 300 kwa kila ngazi. Saa 300 kwa wiki 24 ni saa 12 na nusu kwa wiki. Kwa mtu wa ukaguzi, kati ya Januari na Aprili anapofunga hesabu za wateja, saa hizo hazipo, kwa hiyo kujisajili mtihani wa Mei ni kuchoma fedha. Ngazi ya kwanza hufanyika Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mwenye kazi ya ukaguzi aiangalie Novemba.

Kufeli kupo, na si kwa wazembe tu. Julai 2021 waliofaulu ngazi ya kwanza walikuwa asilimia 22. Miaka ya kawaida ni nafuu kuliko hapo, lakini bado walio wengi wanarudi nyumbani mikono mitupu. Kila ngazi unaruhusiwa kuijaribu mara sita, si zaidi ya mbili kwa mwaka.

Ukimaliza zote tatu bado hujawa na cheti: wanataka saa 4,000 za kazi inayogusa maamuzi ya uwekezaji, zilizokusanywa kwa muda usiopungua miezi 36, pamoja na barua za watu wanaokufahamu kikazi. Kazi ya ushauri wa miamala inahesabika. Kuingiza miamala kwenye vitabu, ukiielezea hivyohivyo, ni vigumu. Eleza ulichochambua na uamuzi gani ulitegemea uchambuzi wako. Ukishapata unalipa ada ya mwaka ya karibu dola 300, bila kuhesabu ya chama cha eneo, ambacho kwetu ni CFA Society East Africa iliyoko Nairobi.

Tofauti moja ya kiufundi haisemwi vya kutosha. Kwenye chumba cha mtihani unaruhusiwa kikokotoo cha aina mbili tu, BA II Plus ya Texas Instruments au HP 12C. Kazini hakuna anayegusa kikokotoo. Kila kitu ni Excel. Unaweza kufaulu ngazi zote mbili za mwanzo bila kujenga modeli hata moja. Taasisi imeliona hilo, na siku hizi inamtaka mtahiniwa amalize moduli ya vitendo, modeli za fedha ikiwa mojawapo. Ni hatua nzuri, lakini haitoshi kukupitisha usaili.

Usaili wenyewe kwa kawaida ni hivi: unapewa taarifa za fedha za miaka mitatu, kompyuta, na saa mbili. Jenga makadirio ya miaka mitano. Hapo ndipo wenye vyeti viwili wanapotoka jasho mbele ya kijana wa mwaka wa tatu aliyefanya mazoezi. Mazoezi hayana ada. Pakua ripoti za mwaka za kampuni iliyoorodheshwa DSE au NSE, masoko ya hisa ya Dar na Nairobi, yenye biashara inayoeleweka, saruji au bia, si benki, maana mizania ya benki ni lugha nyingine. Andika miaka mitano kwa mkono wako, mstari kwa mstari. Usinakili jedwali la mtu. Weka namba unazoingiza mwenyewe kwa rangi ya buluu na fomula kwa nyeusi, ndiyo desturi ya kazi hii. Unganisha taarifa tatu: faida halisi iingie kwenye mtiririko wa fedha, taslimu ya mwisho ya mtiririko iingie kwenye mizania, na chini kabisa weka mstari unaotoa mali kwa madeni na mtaji. Usomeke sifuri kila mwaka.

Hautasomeka sifuri. Mara nyingi sababu ni ishara ya mtaji wa kuendeshea biashara: bidhaa ghalani zikiongezeka fedha zinapungua, na watu huweka jumlisha. Au umetoa gawio kwenye mtaji ukasahau kulitoa kwenye fedha. Tofauti ikigawanyika kwa mbili na kukupa namba unayoitambua, basi ni ishara iliyogeuzwa. Riba nayo ikokotoe kwa salio la mwanzo wa mwaka, la sivyo riba itategemea taslimu na taslimu itategemea riba, na Excel itakulalamikia mpaka uzime kompyuta. Ukifanya kampuni mbili za namna hii, saa 50 au 60 jumla, umepata kitu ambacho saa 300 za ngazi ya kwanza hazitakupa.

Kwa hiyo nani afanye nini?

Aliyemaliza uhasibu na anataka miamala: CPA hadi mwisho, modeli mbili za kuonyesha, CFA aiweke kabatini. Akitaka kuja kuhamia upande wa mifuko akiwa na miaka 30, itakuwepo.

Mhandisi, mwalimu wa hisabati, mtu wa takwimu anayetaka kuhama fani: hapa ngazi ya kwanza ya CFA ina kazi ya kweli, kwa sababu wasifu wake haumwambii mwajiri kwamba anajua kusoma mizania. Ngazi moja inatosha kuliondoa swali hilo. Ngazi ya pili asubiri mpaka awe na ajira, kwa sababu ajira ndiyo itakayomwambia kama anaihitaji, na huenda ndiyo itakayoilipia.

Aliye mwaka wa pili chuoni anaweza kufanya ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi isiyozidi 23 kumaliza shahada. Mimi ningemwambia atumie likizo ile kwenye mafunzo kazini, hata bila posho, kwenye nyumba ya udalali. Mwenye kazi tayari kwenye kitengo cha miamala anayetaka mfuko wa uwekezaji binafsi: tangu 2025 ngazi ya tatu ina njia tatu za kuchagua, moja ikiwa ya masoko binafsi. Huyo CFA inamfaa sasa kuliko ilivyokuwa zamani.

Na aliyekwisha kulipia, mambo mawili ya karatasi. La kwanza, pasipoti. Utambulisho wanaoutaka ni pasipoti ya kusafiria iliyo hai, NIDA haitakuingiza. Majina yafanane na ya usajili, na sisi wenye majina matatu tunaponzwa hapa: babu yako anayesomeka kwenye pasipoti kama jina la ukoo lazima awe huko huko kwenye akaunti yako ya CFA. Litazame siku ya kujisajili, si siku ya mtihani, mlangoni, saa moja na nusu asubuhi.

La pili ni wasifu. Usiandike “CFA ngazi ya pili” nyuma ya jina lako kama digrii, wala “CFA, inatarajiwa 2027”. Kanuni za maadili za taasisi zinakataza yote mawili. Cheti hakina vipande, na tarehe ya kutarajia haitajwi. Hata neno mtahiniwa ni la aliyejisajili mtihani ujao au anayesubiri matokeo tu. Kama ulifaulu ngazi ya kwanza ukapumzika, andika hivyo: umefaulu ngazi ya kwanza ya programu ya CFA, na mwaka. Anayesoma maombi yako akiwa na cheti hicho mwenyewe, hilo ndilo jicho lake linapotua kwanza, na kama umelikosea atajua kwamba maadili, yale yenye asilimia 15 hadi 20, uliyaruka.